Pampu Isiyo na Kosa

Mimi ni fundi wa pampu za maji, na nakiri kwamba napenda kutazamwa nikiwa kazini. Wiki iliyopita nilikwenda Endasak kukagua pampu ya kijiji. Punda wa kubebea madumu alikuwa ameziba mlango wa kibanda, nikamfunga nyuma ya kibanda, kwenye bomba la maji, kisha nikamwamkia mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja mtu mzima.

Niliwasha pampu, nikaigusisha ncha ya bisibisi na kuweka mpini sikioni, maana ndivyo tunavyosikiliza beringi. Nikafumba macho kama daktari. Ko, ko, ko.

"Beringi imekufa, mama," nikasema. "Tukiiacha hivi, mtakosa maji kabisa."

"Basi fungua, mwanangu," akasema, akawaomba waliokuwa kwenye foleni wasubiri.

Walisubiri saa tatu. Niliitandaza pampu yote kwenye turubai, nati kwa nati, na beringi ikatoka inang'aa kama ya dukani. Nikamweleza mama kwamba ugonjwa wa beringi hauonekani kwa macho. Akaitikia kwa heshima.

Ndipo ikasikika tena. Ko, ko, ko.

Mama alilitazama turubai, kisha akanitazama mimi. "Fundi, pampu si hii hapa chini? Sasa kinachogonga ni nini?"

Tulizunguka nyuma, na foleni nzima ikatufuata. Punda alikuwa anajikuna kwenye bomba, na ndoano ya chuma ya kuning'inizia madumu ilikuwa inaligonga.

Mama akauliza ni nani aliyemfunga pale.