Bibi wa Sola Aliyetaka Waya Ukatwe

Tulikuwa wanne kwenye dirisha la ofisi ya umeme, Singida Mjini: karani wa kike, mwenye mashine ya kusaga wa Misigiri, bibi mwenye paneli za sola juu ya bati lake, na mimi.

Bibi alikuwa amesikia redioni pendekezo kwamba wenye sola nao wachangie matunzo ya nguzo. Alitaka waya wake ukatwe.

“Mwanangu, mimi jua linanitosha. Nguzo zenu zinanihusu nini?”

“Shikamoo, bibi,” mwenye mashine akaingilia. “Mahindi yako huwa nayasaga kwa jua?”

“Marahaba. Unayasaga kwa umeme, na kunipunja unanipunja!”

“Chama cha kuzikana unachangia?”

“Kila mwezi.”

“Umeshakufa mara ngapi?”

Karani alilaza kichwa mezani kwa kicheko. Bibi alijipiga mapaja mpaka khanga ikamdondoka begani.

“Haya, niachieni waya wangu. Ila mnitoze kidogo, hata mwili wenyewe umebaki kidogo.”

Mimi, ambaye si kawaida yangu kucheka ofisini, nilishika ukuta. Nimekaa kwenye semina nyingi za nishati, na hakuna mtaalamu aliyenieleza jambo hili nikalielewa upesi hivyo.

Jumanne iliyofuata, mwenye mashine aliyemuuliza bibi amekufa mara ngapi alifariki yeye mwenyewe.