Vijana Tuliowafuata Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa funguo kabla ya kupewa blauzi nyeupe, koti la kazi la wauguzi. Nyuma ya hospitali ya Weusi, hapa mjini tulipopaita Élisabethville wakati ule, palikuwa na jengo refu la matofali ambalo watu wa cité, mitaa ya Weusi, waliliita nyumba ya wazimu. Sisi wa kazi tuliliita pavillon. Nilikuwa binti ambaye hajaolewa bado. Baba yangu alitoka pande za Kongolo akaja kufanya kazi ya reli, nami nilisomea kwa masista ugarde-malade, yaani kazi ya kuosha, kulisha na kulinda wagonjwa.

Ma Soeur, sista aliyesimamia upande wa wanawake, alinisimamisha mlangoni akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole: "Hapa hatupigi muntu. Hapa hatucheki muntu. Ukishindwa, unaniita." Alifungua, tukaingia.

Ninyi mnaosoma uuguzi leo mnazo dawa zenye majina yake. Sisi tulikuwa na dawa ya kulaza, maji ya kuoga, na cabanon, kijumba cha mtu mmoja chenye mlango wa chuma, kwa ajili ya yule aliyeweza kujiumiza. Wagonjwa waliletwa na polisi, wengi wakiwa wamefungwa kamba, baada ya jamaa kuwaficha muda mrefu na kuhangaika nao kila mahali. Wengi walikuwa vijana, na hilo lilinisumbua tangu mwanzo. Alikuwepo msichana mmoja kutoka cité ya Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, ambaye nyumbani walimfungia jikoni hadi akaacha kuitikia jina lake. Mama yake alikuja kila Jumapili, akamwita kwenye dirisha, akarudi zake. Msichana yule alikufa kwa homa ya mapafu wakati wa baridi, katika mwezi ule upepo wa vumbi unapokausha midomo. Mimi ndiye niliyemwosha. Nilimsuka nywele kwanza, kwa sababu mama yake aliomba.

Baada ya mazishi hayo Docteur, mkuu wa pavillon, alituita sote. Alikuwa Mbelgiji mwenye sauti ndogo, asiyependa mikutano. Alisema kwa Kifaransa kwamba ugonjwa huu hauanzi siku ya kamba. Unaanza miezi mingi kabla, ndani ya nyumba, na siku hizo ndizo sisi tusizoziona kamwe. Alitaka watu wawili waende kukaa na jamaa mapema. Ma Soeur alilitaja jina langu, na hivyo nikahamishiwa dispansari ya Katuba, cité iliyokuwa mpya, nyumba zake bado zikinuka chokaa.

Kazi yenyewe iliitwa visite à domicile, kuwatembelea watu majumbani. Docteur alitufundisha cha kutazama: kijana aliyeacha kulala, aliyeacha kuoga, aliyekimbia rafiki zake, aliyeanza kuogopa chakula cha mama yake. Mlangoni neno wazimu halikutamkwa. Tulisema tu kwamba tumesikia mtoto halali vizuri, na mara nyingi tulipewa kiti. Mgonjwa akisema anasikia sauti, hatukubishana naye wala hatukukubali. Tulimuuliza kama sauti hizo zinamtisha, kisha tukabaki pale.

Marceline nililetewa habari zake na wanawake wa bombani. Walisema binti wa karani Tshibangu haonekani tena kuchota maji. Jamaa hao walikuwa watu wa Kasai, safi, wasomi, wa misa kila asubuhi. Baba aliandika mizigo kwenye ofisi ya gare, kituo cha treni. Marceline alikuwa mwanafunzi wa kushona, karibu kumaliza. Nilimkuta amejikunja nyuma ya kitanda, ameziba matundu ya ukuta kwa vitambaa.

"Bantu ba mu ukuta banasema mama anatia sumu mu bukari," aliniambia.

Nilimuuliza kama watu hao wa ukutani wanamwogopesha. Akasema ndiyo, sana. Mama yake, aliyekuwa akilia bila sauti, alileta sahani ya ugali, nami nikala bukari ile mbele ya Marceline, sahani moja na mama yake, bila kumwambia kitu. Siku hiyo hakula. Baada ya siku chache alimega kidogo.

Shida kubwa ilikuwa baba. Nyumba ilikuwa ya kazi, na aliogopa kwamba wakubwa wakijua watamrudisha kwao na jamaa yake yote. Alikuwa amekwisha kupanga Marceline apelekwe Kasai kwa treni, chini ya ulinzi wa mjomba. Nilijua wale waliopelekwa hivyo hurudi wakiwa wamefungwa, au hawarudi. Nilikwenda kwa Ma Soeur, naye akanifikisha kwa Docteur. Docteur alifikiri, kisha akasema Marceline abaki nyumbani, nimtembelee kila siku, na yeye mwenyewe atakuja Ijumaa. Ila akitoka akashikwa barabarani na polisi, ataletwa pavillon, na hapo yeye Docteur hataweza kutusaidia.

Nilimpelekea baba maneno hayo. Alinisikiliza akiwa amesimama.

"Mademoiselle, miye niko karani ya gare," alisema. "Bantu batasema nini?"

"Papa, bantu banajua tayari," nilimjibu. "Mutoto njo hajui kama muko naye."

Safari ya treni aliiahirisha.

Siku moja asubuhi Marceline akatoka. Mama yake alikuwa ameinama kwenye moto, na alipoinuka mlango ulikuwa wazi. Alikimbia kuniita, tukamtafuta kanisani, sokoni, kwenye shule ya kushona. Tulimkuta kwenye uzio wa gare, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimeanguka, akizungumza kwa sauti kubwa na mabehewa. Watu walikuwa wamejaa. Polisi mmoja alikuwa ameshamsogelea, na kamba ilikuwa mkononi.

Ndipo baba yake akatoka ofisini. Alikuwa amevaa koti na tai, kalamu bado sikioni, na makarani wenzake wamesimama madirishani. Nilidhani atarudi ndani. Alipita katikati ya watu, akakiokota kile kitambaa, akamfunga binti yake kichwani taratibu kama mwanamke afanyavyo.

Akamwambia polisi: "Huyu ni mutoto yangu. Iko na ugonjwa. Tunarudia ku nyumba."

Polisi alinitazama mimi na blauzi yangu. Nikasema yuko chini ya Docteur. Akarudi nyuma. Baba na binti wakashikana mkono, wakapita njia kubwa mchana kweupe hadi Katuba, nami nikiwafuata na mama.

Tangu siku hiyo wako majirani walioacha kuwasalimu. Wako pia waliokuja kukaa na Marceline, wakichambua mboga naye. Mkubwa wa gare alimwita karani, akamkemea kwa kuacha kazi, lakini nyumba hawakumnyang'anya. Baadaye zilifika dawa mpya kutoka Ulaya, zikasaidia. Sauti hazikwisha zote. Marceline alizizoea, kama mtu anavyozoea kelele za jirani, akamaliza kushona, akaishi kwao akishonea watoto wa ndugu zake nguo za komunyo.

Nilifanya kazi hiyo hadi nywele zikawa nyeupe, chini ya wakubwa wengi, wazungu kwanza, kisha wetu. Vijana wengi sikuwawahi. Wengine niliwawahi, wakanishinda hata hivyo, na majina yao nayataja kwenye sala zangu.

Mwaka wangu wa mwisho, mama mmoja alitembea kwa miguu kutoka mashamba ya Annexe, nje ya mji, hadi dispansari. Hakuna aliyemtuma, na kwao hakuna aliyekuwa amepiga kelele bado. Alikaa kwenye benchi hadi zamu yake ilipofika, akaniambia: "Mutoto yangu halali tena, na anacheka peke yake. Njo nimekuja mapema."

Nilimwomba anipe muda nivae viatu vya kutembelea, tukaondoka pamoja.