Bibi Delfina Alipohesabu Lulu

Bibi Delfina hakuwahi kupika meskali, pombe yetu kali ya mikonge, hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuionja. Kila mpishi wa kijiji chetu, na wa vijiji viwili vya ng'ambo ya korongo, alileta dumu lake kwetu kabla hajamuuzia mtu. Bibi aliketi kwenye kigoda nje ya jiko, akatumbukiza mrija wa mwanzi, akavuta kwa mdomo, kisha akaiachia meskali ianguke kutoka juu ndani ya kibuyu. Ikianguka inatoa viputo vya povu, sisi tunaviita lulu. Bibi alihesabu polepole mpaka vipasuke vyote. Lulu zikidumu hadi ishirini, meskali ina nguvu yake. Zikipasuka mapema, ni maji. Baada ya hapo alisugua tone kiganjani, akanusa, na mwisho kabisa ndipo akaonja.

"Wilfrido, hii umeitia sabuni."

"Shangazi! Mimi?"

"Lulu zimefika hamsini. Nenda kaoge nayo."

Watu walicheka, Wilfrido naye akacheka, akaenda kuimwaga. Hakuna aliyebisha. Meskali yetu si ile ya chupa zenye picha inayopelekwa mjini. Ni ya mtu aliyetoka kukata mikonge tangu alfajiri na anataka vibuyu viwili bila kuuza mbuzi. Wapishi wengine walisema hiyo haihitaji kuonjwa hivyo, na Bibi aliwauliza, "Kwani anayelipa kidogo hana ulimi?" Bibi hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na neno lake tu, na watu walilitegemea.

Hata Babu, mumewe, hakuhurumiwa. Babu Crisóforo alipika miaka arobaini, na mara mbili Bibi alimrudisha akapike upya. Walinuniana siku mbili, halafu akapika upya.

Kisha kisukari kikamchukua Babu macho. Kwanza la kushoto, na kabla ya mvua za mwaka jana, la pili. Dawa nazo zilimwachia mdomoni ladha ya chuma, kila alichokula kilikuwa chuma. Akawa anakaa ukutani, ameshika kofia yake.

Don Heladio, ambaye ilikuwa zamu yake kuandaa sikukuu ya mtakatifu wetu, alikuja kuulizia nani apike. Hajakaa hata vizuri, Babu akasema, "Mimi."

"Mzee, lakini wewe..."

"Mimi nini? Mikono imekatika?"

Don Heladio alimtazama Bibi, kisha akatazama chini. "Shangazi akisema ni nzuri, sina la kuongeza. Hata sitaionja."

Mjomba Eleuterio alikata mikonge na kuwasha shimo la kuichomea. Babu alijua mikonge imeiva kwa kulaza kiganja juu ya udongo uliofunika shimo, na alikuwa sahihi. Ila meskali inapotona, lazima mtu aangalie lulu ajue lini azuie, kabla mkia haujaingia, yale maji dhaifu ya mwisho. Mjomba alikuwa amesimama palepale. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Kwetu sisi, mpishi anayeambiwa na mwenzake "zuia sasa" si mpishi tena, ni mbeba kuni. Babu alitega sikio kwenye matone, akazuia akiwa amechelewa sana. Nguvu zilikuwa zimemwishia, wakamrudisha nyumbani wamembeba. Kama ingepikwa upya, angepika mtu mwingine, na kila mtu nyumbani alilijua hilo.

Kesho yake Don Heladio alikuja na madumu matupu. Kitanda cha Babu kilitolewa nje, kikawekwa barazani.

"Hesabu kwa sauti, mke wangu, nisikie."

Bibi akavuta, akaachia. "Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Kwenye nne lulu zote zilikuwa zimekwisha. Nilikuwa nimechuchumaa karibu, nikaziona zikizima. Meskali ilikuwa imelala kibuyuni kama maji ya kunawia. Bibi aliinua macho akamtazama Babu. Babu alikuwa amebana pumzi, shingo imetoka mishipa.

"Tano," Bibi akasema. "Sita."

Akaendelea, polepole kama siku zote, akitazama ndani ya kile kibuyu. Don Heladio alikuwa nyuma yake, hakuweza kuona.

"Ishirini na moja."

Babu akaachia pumzi. "Imezidi! Umesikia, Heladio?"

"Nimesikia, mzee."

"Na ladha?"

Bibi akaonja. "Kama ile ya mwaka tuliooana."

Don Heladio alitimiza ahadi yake. Hakuonja. Akapakia madumu akaondoka.

Siku ya sikukuu, baada ya misa, vibuyu vilizungushwa. Matone ya kwanza humwagwa chini kwa ajili ya waliokufa. Siku ile waliokufa walikunywa sana. Wilfrido alimwaga nusu kibuyu. Wengine waligusisha midomo wakapangusa masharubu. Babu aliketi karibu na wapiga tarumbeta.

"Ikoje?"

"Imetulia, mzee."

"Mbona sisikii mkiomba nyingine?"

"Tunaionea huruma isiishe, don Crisóforo."

Babu alicheka mpaka akakohoa. Bibi, upande wa wanawake, alimaliza kibuyu chake chote, akaomba cha pili, akakimaliza nacho.

Babu alifariki siku ya kumi na tisa baada ya sikukuu. Watu wote walikuja, siku tisa zote za sala, na mikate, na kahawa, na mishumaa. Hakuna aliyemkasirikia Bibi. Walijua kwa nini alihesabu vile.

Msimu wa kupika ukafika, moshi wa mashimo ukasimama kila upande. Bibi alisuuza kibuyu chake akaketi kwenye kigoda asubuhi ya kwanza, na ya pili, na wiki nzima. Madumu yalikuwa yanapelekwa kwa Otilia, kule mtoni, ambaye Bibi mwenyewe alimfundisha kushika mrija.

Asubuhi moja Wilfrido alipita na punda, madumu mawili.

"Wilfrido! Umepika?"

Alisimama, akavua kofia. "Umeamkaje, shangazi?"

"Nimeamka. Leta basi."

"Aa, hii bado, shangazi. Bado haijatulia."

"Ikitulia utaniletea."

"Nimpelekee nani mwingine?" Akacheka kidogo, akampapasa punda shingoni. Kisha akashika njia ya mtoni.

Kizibo cha dumu moja kilikuwa kimelegea, na harufu ilitufikia palepale tulipoketi. Bibi alimfuata kwa macho mpaka kwenye kona.

"Ile imetulia," akasema. "Ina wiki mbili. Hajawahi kupika nzuri kama ile."