Paja la Kuku la Sertoria

Messava hakuwahi kumheshimu mtu anayelipa ili sakafu yake ionekane chafu. Bwana wa jumba la kando ya ziwa Benako, enzi za Warumi, alileta fundi aliyepanga vijiwe vya rangi kwenye sakafu ya ukumbi vikawa picha za mabaki ya karamu: magamba ya konokono, miiba ya samaki, paja la kuku lililotafunwa. Wageni wakapiga makofi. Messava, mtumwa wa kike aliyezaliwa humo na kuzeekea ufagioni, alisonya moyoni tu.

Kisha bwana akaoa. Mkewe huyo, Sertoria, alikuwa haoni vizuri, lakini bora agonge nguzo kuliko kukiri. Juzi aliisalimu sanamu ya bustanini, akakasirika kwamba hakuitikiwa.

Jioni ya karamu yake ya kwanza, Lubiama, binti wa Messava, alikuwa akifagia ukumbi Sertoria alipoingia.

"We msichana, hilo paja la kuku umemwachia nani?"

"Ni la mawe, bibi."

"La mawe! Mimi ndio wa kutaniwa? Wageni wakilikuta hapo, kesho unapanda mlimani kusaga nafaka."

Waliopelekwa kwenye kinu cha huko mlimani walirudi wakikohoa damu. Wengine hawakurudi kabisa. Messava alimwona bintiye anafumbua mdomo kujibu, akajitupa magotini haraka.

"Tusamehe, bibi. Mtoto huyu mvivu kama baba yake."

Akaikinga sakafu kwa mgongo wake, akakwangua kwa kucha, akahema kama anayeng'oa kisiki. Kisha akachomoa pindoni mwa nguo yake mfupa wa kuku aliokuwa amemwekea mbwa, akauinua juu.

"Huu hapa, bibi. Ulikuwa umegandia."

"Unaona?" Sertoria alimgeukia Lubiama. "Eti mawe! Mlidhani sioni?"

"Hakuna aonaye kama wewe, bibi," alisema Messava, wala hakupepesa macho. Akasukuma kitanda cha kulia chakula juu ya picha ile. Sertoria akajilaza hapohapo, akaanza kuwasimulia wageni jinsi watumwa wa ziwani walivyo wachafu.

Jikoni Lubiama alikuwa amenuna.

"Mama, umeniita mvivu mbele ya watu."

"Na kesho nitakuita tena. Pale bado kuna konokono na miiba ya samaki, na macho ya yule mwanamke hayaponi leo wala kesho. Nenda kaniokotee mabaki ya kuficha pindoni. Chagua makavu, mwanangu, mabichi yananuka."