Jiwe la Mama Chini ya Ziwa

Askari walipochukua nyumba yetu kando ya Ziwa Edward, baba alituhamishia kwenye mtumbwi wake. Ulikuwa mkubwa, wa mbao, wenye tanga la mahema yaliyoshonwa pamoja. Kabla ya vita aliusafirishia samaki wakavu waliouzwa Butembo. Sasa tulipikia humo na kulala humo: baba, mama na mimi, binti yao.

Kila alasiri upepo ulishuka kutoka milimani na kuinua mawimbi. Mama alikuwa karibu kujifungua. Baba alitafuta kitu kimoja tu: maji tulivu ambapo mama angezaa bila kurushwarushwa.

Aliwafuata viboko. Wenye watoto hawakai penye mawimbi, alisema. Hivyo tuliipata ghuba ndogo nyuma ya mafunjo. Viboko tukawaachia upande wao.

Nanga yetu ya chuma ilikwisha kuibiwa na askari. Mama akatoa jiwe lake la kusagia ulezi, alilotoka nalo kwao Kipese alipoolewa. Bibi yangu alimfundisha kwamba mwanamke hafukuzwi mahali jiwe lake lilipo, wala mwanaume haligusi. Akalifunga kamba mwenyewe, akalitosa liwe nanga. Baba akamuuliza ulezi atasagia wapi.

"Kwa kichwa yako, Papa," akasema. "Iko nguvu kupita jiwe."

Tulikaa vizuri pale, hadi askari walipokuja na boti ya injini. Mkubwa wao hakuwa wa kwetu. Alituambia kwa Kilingala tuondoke. Waasi wanapata chakula kupitia mitumbwi kama huu, alidai. Baba alimwonyesha tumbo la mama na mawimbi yaliyokwisha kuanza huko nje. Aliomba kesho asubuhi tu.

"Papa, hapana kesho. Ni ordre," mkubwa akajibu, yaani amri.

Mama alishika kamba ya jiwe, akakaa. Askari mmoja akaikata kwa kisu mbele ya mikono yake. Alicheka. Nimesahau nyuso nyingi za vita ile, ule wake hapana.

Upepo ulitutupa ufukweni mwa kijiji, na mama alijifungulia mchangani, wanawake wawili wakimzungushia vitenge huku askari wa kizuizi cha barabara pale wakitazama kama watu wanaotazama mpira. Mtoto aliishi. Watu huniambia nishukuru kwa hilo. Ninashukuru, na bado nina hasira, kwa sababu si askari waliompa uhai huo.

Mama alipopata nguvu, tulipita pale kwa mtumbwi. Ndani ya ghuba, penye maji yetu tulivu, ilitulia boti ya injini ya yule mkubwa. Askari wake walikuwa wakifua nguo. Hapakuwa na waasi wala ordre. Mkubwa alipapenda tu.

Baba aligeuza uso. Mama, mtoto mgongoni, alisimama katikati ya mtumbwi, akawatazama mpaka wakaacha kufua.

"Jiwe yangu iko chini yenu," aliwaambia. "Donc, basi, apa ni kwangu. Nyinyi ndio bageni."