Mstari Mmoja Kila Asubuhi

Kwa miaka sita nimekaa kwenye gishe, yaani dirisha la malalamiko, la duka moja la vyombo vya umeme hapa Kolwezi, na kama kuna kazi inayomfundisha mtu kusikiliza bila kusikia, ni hii. Watu wanakuja na pasi isiyopata moto, friji inayounguruma kama lori, redio iliyokufa siku ya pili. Mimi nafungua kitabu, naandika kifaa na tatizo lake, namwita fundi. Fundi anakijaribu palepale mbele ya mwenyewe. Kikikataa mikononi mwa fundi, tunakitengeneza au tunakibadilisha. Kikikubali, nachukua muhuri na kugonga kitabuni na kwenye karatasi ya mteja: *Erreur de manipulation*. Kwa Kiswahili cha nyumbani maana yake ni kwamba kosa ni lako wewe, si la kifaa.

Niliupenda muhuri ule, nasema kweli. Mtu alikuja amefura kwa hasira, tayari kuvunja kioo, lakini akipewa karatasi ile aliondoka kimya. Kifaransa chenye muhuri hakijibiwi. Na mimi nilikunja mikono, nikaita anayefuata.

Fundi wetu ni mzee aliyewahi kufanya kazi machimboni, na buti za machimboni, zile zenye chuma mbele, hajaziacha mpaka leo. Tunamtania kwamba hata kaburini ataingia nazo. Lakini kazi anaijua. Akikuambia kitu ni kizima, hakuna wa kubisha.

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, ni mshonaji. Tunaishi naye pamoja na mama mtaani Dilala, katika mojawapo ya nyumba za matofali ambazo kampuni ya migodi iliwajengea wafanyakazi wake enzi za baba. Yaya alianza kuangukaanguka akiwa msichana mkubwa. Watu walisema amerogwa: mara ni jirani, mara ni ukoo wa mama kule Sandoa. Daktari wa Lubumbashi ndiye aliyeuita ugonjwa kwa jina, distrofia ya misuli, akaeleza kwamba misuli italegea na kupungua kidogo kidogo, kwanza ya nyonga na mabega, na kwamba hana dawa ya kuirudisha. Mama alilia. Yaya aliuliza jambo moja tu: mikono itabaki mpaka lini? Daktari hakujua.

Miguu ilitangulia. Cherehani ya kukanyaga ikamshinda, tukamletea ya umeme kutoka dukani kwetu. Pedali yake, ambayo watu wengine huiweka sakafuni na kuikanyaga, tuliiweka juu ya meza upande wa kulia ili aibonyeze kwa kiwiko. Wazo lilikuwa la yaya mwenyewe. Mama mmoja wa kituo cha walemavu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilikubali, ila akampa masharti. Ashone kila asubuhi saa ileile, mkono ukiwa bado haujachoka. Afanye kidogo, apumzike. Asishindane na mkono.

"Nguvu haitarudia, mama," alimwambia yaya. "Lakini mukono inajifunzaka. Hata mukono yenye kuregea. Inaomba tu kurudilia, kurudilia."

Nilidhani ni maneno ya kumpoza moyo. Sikuyatilia maanani.

Yaya alichana shuka nyeupe ya zamani akapata kipande kirefu, na kila asubuhi, kabla ya kazi yoyote, akashona juu yake mstari mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Kiwiko kilibonyeza kwa pupa, mashine ikaruka, sindano ikavunjika, na uzi ukaenda kama njia ya mbuzi. Nikamwambia aachane na mambo haya, apumzike. Alinitazama kama anavyonitazama tangu utotoni nikisema upuuzi.

"Mudogo, weye ulijua kutembea siku moja?"

Wiki zikapita, na mimi niliyekuwa nikipita pale na kikombe cha chai nikaanza kusimama kutazama. Kiwiko hakikuwa kikisukuma tena. Yaya aliegemea na mwili wote, taratibu, akauacha uzito ushuke juu ya pedali kadiri alivyotaka, na mashine ikaondoka polepole kama mtu anayetoka kitandani. Mistari ikanyooka. Baadaye hakukitazama kiwiko kabisa. Alishona huku akibishana na mama kuhusu bukari, yaani ugali, uliopikwa laini mno. Wamama wa parokia wakamletea vitenge vya sare yao, akavipokea. Sijui kama niliwahi kumwona na furaha namna ile.

Halafu asubuhi moja mashine ikagoma. Akiegemea polepole, kimya. Akiongeza kidogo, kimya. Akiongeza tena, inaruka ghafla kama siku ile ya kwanza.

"Pedali iko na kintu," akaniambia. "Beba ku kazi, baiangalie."

Niliibeba pamoja na mashine, lakini nikiwa njiani juu ya pikipiki ya teksi nilikuwa nimeshatoa hukumu. Wiki ileile nilikuwa nimemwona akishika kikombe kwa mikono miwili. Nikajiambia kwamba siku tuliyoiogopa imefika, kwamba si pedali, ni mkono. Na sikujua ningemwambiaje.

Dukani fundi aliiweka pedali sakafuni, akakanyaga. Mashine ikaimba. Akakanyaga mara ya pili, ikaimba.

"Iko muzima hii," akasema, akarudi kwenye kazi zake.

Nikagonga muhuri. Naona haya kuandika hivi, lakini nilihisi nafuu: karatasi ingemwambia yaya kile ambacho mdomo wangu ulishindwa kumwambia. Nilimpa jioni ile mbele ya mama. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akasema, "Sawa." Basi.

Kuanzia hapo akaanza kulazimisha. Kama kosa ni lake, basi alitaka kulisahihisha, na njia aliyoijua ilikuwa kubonyeza kwa nguvu zaidi, yeye ambaye nguvu ndicho kitu asicho nacho. Bega likamuuma mpaka akashindwa kuchana nywele. Mama akawa anamlisha. Yule mama wa mazoezi alipokuja alitugombeza sote, akasema misuli ya namna hii ikichoshwa kupita kiasi inaumia, na ikiumia hairudi kama ya mtu mwenye afya. Akampumzisha wiki mbili. Vitenge vya wamama vikakaa juu ya kiti, vimekatwa, havijashonwa. Mama akataka kuvirudisha.

"Bingoje," yaya akasema. Kisha akanigeukia. "Nipeleke ku gishe yako."

"Yaya, ile mambo ilishafungwa."

"Alilalamika nani? Ni miye. Miye sikufunga kintu."

Tulikwenda naye, pamoja na mashine na pedali, juu ya pikipiki ya miguu mitatu ya kubebea mizigo, mimi nikikishikilia kiti chake cha magurudumu, vumbi jekundu likitupaka sote rangi moja. Dukani nikataka kumpitisha mbele. Alikataa, akapanga foleni kama watu. Nikaenda kukaa kwenye dirisha langu, nikawahudumia watu watatu waliomtangulia bila kuelewa hata mmoja alilalamikia nini. Zamu yake ikafika.

"Jambo, tata," akaniambia.

Ndivyo kila mteja anavyonisalimu, tata, kama kusema bwana. Sikuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwake, na iliniuma kuliko tusi.

"Jambo, mama," nikajibu.

Akaomba fundi. Mzee akaja, akachukua pedali na kuinama aiweke sakafuni.

"Apana, tata. Ku meza."

Mzee akaiweka juu ya kaunta. Yaya akatoa kwenye mfuko kile kitambaa cheupe, akanipa nikikunjue, maana mikono yake haikuweza kukinyoosha. Kilifunika kaunta nzima na kuning'inia upande wa pili. Watu wa foleni wakasogea.

"Kila mustari ni siku moja," akamwambia fundi. "Angalia huku mwanzo. Sindano inavunjika, mustari inapinda. Huku, inapinda kiloko, kidogo tu. Huku, imenyooka. Huku, imenyooka. Na huku." Kidole chake kilitembea taratibu sana juu ya kitambaa, na hakuna aliyemharakisha. "Sasa ona hii. Imenyooka. Na hii ya kesho yake."

Ule wa kesho yake ulikuwa umekatika na kuruka vipande vitatu.

"Bugonjwa yangu, tata, miye njo naijua. Inakamataka pole pole, miaka na miaka. Kama ingekuwa mukono, mustari ingeanza kupinda kiloko kiloko. Mukono haiwezi kukufa siku moja. Mashini njo inakufaka siku moja."

Mimi ninayeishi naye nyumba moja, ninayemwona akiinuka na kulala, sikuwa nimefikiri hivyo hata dakika moja.

Fundi alisoma kitambaa kile kwa kidole kama anayesoma barua. Halafu akaketi juu ya sanduku, akafungua kamba za buti la kulia, akalivua. Nilimwona mguu wake kwa mara ya kwanza katika miaka sita, soksi imetoboka kidoleni. Akaishusha pedali chini, akaigusa kwa vidole vya mguu, pole, pole zaidi. Mashine kimya. Akaongeza. Kimya. Akaongeza tena, ikaruka.

"Eee," akasema. Akaifungua kwa bisibisi na kutuonyesha kibati kidogo cha ndani kilichoungua, pale umeme unapoanzia kupita. "Mutu wa buti haione hii. Anaruka juu yake."

Nilitaka kumaliza mambo kwa heshima, nikaleta pedali mpya kutoka stoo. Katika kazi yangu kitu kipya hunyamazisha kila mtu. Yaya akaiegemea, akatikisa kichwa.

"Hii ni ngumu sana. Na mukono yangu haiijue. Tengeneza ile yangu."

Fundi akatoa kibati kutoka kwenye ile mpya, akakitia katika ile ya yaya. Kisha tukachomeka tena mashine, tukaingiza kitambaa chini ya sindano. Yaya akaegemea. Mwanzo wa mstari ulitetemeka, maana kiwiko kilikuwa kimelala wiki mbili. Kufika robo ya kitambaa ukatulia. Halafu ukanyooka, ukaenda moja kwa moja hadi ukingoni. Mkono ulikuwa haujasahau. Mama mmoja aliyekuja na blenda mbovu akapiga kigelegele, duka zima likacheka.

Mimi sikucheka. Nilifungua kitabu, nikatafuta ukurasa wa siku ile, nikaukata muhuri kwa kalamu, mistari miwili. Pembeni nikaandika: kosa la pedali. Nikakigeuza kitabu ili aone.

Akasoma.

"Andika na ingine, tata."

"Niandike nini, mama?"

"Andika: ndugu yake alizani ni mukono."

Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo na foleni ilikuwa inasikiliza. Niliandika maneno hayo yote, kwa herufi zinazosomeka, nikatia saini chini yake. Yaya aliyasoma mpaka mwisho bila haraka, akanipa kitambaa nikikunje.

"Sasa sukuma kiti," akasema, "tuende ku nyumba, mudogo."