Kadi ya Zamani na Lupango la Kambo

Mahali iliposimama nyumba ya kambo yangu, siku hizi hakuna hata ardhi. Kuna hewa tu, na chini kabisa malori ya mgodi yanayoonekana madogo kama mende wa njano. Shimo lilitujia polepole, mtaa baada ya mtaa, na zamu yetu ilipofika tulipewa nyumba mpya upande wa pili wa Kolwezi. Nyumba za huko zinafanana zote, rangi moja, mlango mmoja. Majuma ya kwanza babu alikuwa akitoka kanisani anaingia kwa jirani, anavua viatu, anaketi, anasubiri chai. Jirani alikuwa mtu mwema; alikuwa anampa chai.

Kwetu babu na bibi wote huitwa kambo. Hapa yeye nitamwita babu, na kambo nitamwacha awe bibi yangu, kwa sababu habari hii ni ya kambo.

Babu alifariki katika nyumba ile mpya, kabla hata hajaizoea. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuijenga upya nyumba ya zamani ndani ya kompyuta. Sikuwa na sababu nzuri. Mimi ni mtu wa wasiwasi: nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikiandika ujumbe mfupi naufuta na kuuandika tena mpaka unapoteza maana. Tulipohama niliogopa kwamba nitasahau upande gani wa mlango ulikuwa na kitasa. Basi nilianza na mlango, kisha ukuta, kisha nikashindwa kuacha.

Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, katika chumba cha nyuma cha nyumba ile ile ya zamani. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa napakua video za watu wanaochora nyumba, magari na misitu ndani ya kompyuta, wanaongea Kiingereza, na mimi sielewi hata neno. Nilikuwa nafuata mshale tu. Mshale ukienda kushoto, na wangu unaenda kushoto. Kadi ya grafiki niliyokuwa nayo wakati huo ilikuwa ndogo, ya mitumba, na feni yake ilikuwa na sauti ambayo kambo aliisikia mpaka jikoni.

"Iyo kintu yako inapumua kama muntu wa asthme," alikuwa anasema. "Uipeleke ku hôpital."

Kila alasiri mgodi ulipopiga baruti, vikombe vilikuwa vinagongana kabatini, na mimi nilikuwa naikumbatia kompyuta mezani mpaka nyumba itulie. Sijawahi kujifunza kwa raha kama siku zile. Nasema hivi nikijua kwamba siku zile zenyewe nilikuwa nalalamika, joto, umeme, vumbi, na nilikuwa naota kadi kubwa.

Kadi kubwa niliipata baada ya kuhama, kwa mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka upande wa Zambia. Niliipata kwa wakati, kwa sababu ndipo likaja jambo la kilio.

Katika familia yetu, siku ya kutoa kilio, yaani kumaliza matanga, mjane hufagia lupango, uwanja wa nyumba ya marehemu, kuanzia mlangoni hadi barabarani, asubuhi, kabla mtu yeyote hajala. Taka zikishavuka lango, wanawake wa familia humvua nguo nyeusi na kumfunga kitenge kipya. Ndivyo mjane anavyorudi kwa watu. Lakini uwanja wa babu ulikuwa hewani, juu ya malori.

Walipokaa kupanga siku, mjomba mkubwa aliyetoka Dilolo alisema kambo afagie hapa tulipo, Mungu anaelewa. Kambo alikuwa ameinama akichambua lengalenga, mchicha wetu. Hakuinua kichwa.

"Apa alikufa tu," akasema. "Kule njo aliishi. Mi siwezi kufagia lupango ya bantu bengine."

"Mama, sasa iko yetu," mjomba akasema. "Tuko na papier ya nyumba."

"Papier iko yako. Ufagie weye."

Mama mdogo alicheka mpaka akatoka nje, lakini kambo hakuwa anatania. Alisema atabaki na bilamba byeusi, zile nguo nyeusi, na kama ni mpaka kaburini, basi mpaka kaburini. Siku mbili tatu hakuna aliyemgusia habari hiyo. Kisha akaja chumbani kwangu, akasimama nyuma ya kiti.

"Ile nyumba yako ya mu machine," akasema, "inaweza kutembea?"

Nilimwambia inaweza. Naweza kutengeneza filamu, mtu anatoka mlangoni anaenda mpaka barabarani, kama vile ni macho yake.

"Basi itembee pole pole. Mi sina tena magoti. Nitafagia apa, nikiwa naangaria kule."

Nikamwahidi Jumamosi, siku ya kutoa kilio. Nilijua ananiomba nini. Kama filamu haipo, kambo hatavua nguo nyeusi. Na nilimjua vya kutosha kujua kwamba hataomba mara ya pili.

Nilitaka uwanja uwe kamili. Mti wa avoka, yaani mparachichi, peke yake niliutengenezea kila jani, na kila jani lilikuwa na mgongo wake mweupe. Matofali niliyachora kutoka kwenye picha za ubatizo na komunyo ya kwanza, kwa sababu katika familia yetu watu wote walipigwa picha wamesimama mbele ya ukuta ule ule. Ukuta tulikuwa nao kwa wingi. Niliweka moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, na kamba ya nguo yenye majoho ya kwaya yaliyokuwa yanafuliwa kila mwisho wa juma. Kadi mpya iliyabeba yote. Ilikuwa inayabeba vizuri kabisa, kimya, bila kupumua kama mgonjwa, halafu katikati ya kazi kioo kilikuwa kinageuka cheusi. Kinarudi, kinasema pilote imeacha kufanya kazi. Pilote ni ile programu inayoiongoza kadi; bila hiyo kadi ni bati tu.

Niliweka pilote mpya zaidi. Kioo cheusi. Niliweka ya kabla yake, kisha ya kabla ya hiyo. Kila moja ilikula mega zangu zote za simu, na kila moja ilinipa matumaini ya nusu saa. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kifaa cha kutuliza umeme, nikaweka kompyuta karibu na dirisha, nikaiondoa dirishani. Hadi leo sijui tatizo lilikuwa nini. Nilisoma vikao vya mtandaoni vya watu wa nchi za mbali wenye kadi kama yangu. Nusu walisema ni pilote, nusu wakasema rudisha kadi yako ya zamani ulale.

Kadi ya zamani ilikuwa ndani ya soksi, sandukuni. Sikutaka hata kulifungua sanduku. Nitasema ukweli: haikuwa habari ya majani. Mtu aliyejifundisha mwenyewe hana karatasi ya kuonyesha. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia sasa umefika. Kadi ile kubwa ndiyo iliyoniambia nimefika, na kuitoa ilikuwa kama kurudishwa darasa mbele ya wenzangu, hata kama wenzangu hawakuwepo.

Ijumaa mchana kaka yangu, ambaye kwetu huitwa yaya, alirudi kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wa mkono, udongo mpaka kwenye kope. Alisimama mlangoni akinywa maji ya kopo.

"Bado inakufa?"

"Bado."

"Iyo carte yako iko sawa na fiancé wa ku Lubumbashi. Anavala muzuri, anaongea muzuri, siku ya kulipa dote ku baba ya binti haonekane."

"Yaya, uniache."

"Mi nakuacha. Kambo njo hatakuacha. Ile ya zamani iko wapi?"

Nilimweleza kwamba ya zamani haina nafasi. Nikiirudisha itabidi nitoe majani, moshi, matofali, nitoe karibu kila kitu. Nilieleza kwa kirefu, na sauti yangu ilikuwa inapanda.

"Majani?" akasema. "Majani ya avoka?"

"Yote. Moja moja."

Akaweka kopo chini ili acheke vizuri. "Muntu anataka kufagia lupango, weye unamumwangia majani!"

Nilimfukuza. Nilikasirika mpaka machozi, kwa sababu alikuwa na ukweli na alikuwa na matope. Nikajaribu kadi mpya mara moja tena, kwa ubishi. Kioo kikageuka cheusi safari hii kabla hata haijafika kwenye mti. Nikazima umeme, nikachukua bisibisi, nikaitoa.

Kadi ya zamani ilitoka kwenye soksi ikiwa na vumbi jekundu kwenye feni. Mimi ni mtu wa kusafisha. Hata vifungo vya kibodi navisafisha kwa kijiti cha masikio. Lakini vumbi lile lilikuwa la kule. Lilikuwa limeingia kwa dirisha la chumba cha nyuma, siku za baruti. Niliichomeka kadi hivyo hivyo, na ilipopata joto chumba kizima kikanukia nyumba ya zamani. Feni ikaanza kupumua. Mama mdogo akauliza kutoka sebuleni nani anakoroma.

Kisha nikaanza kutoa vitu. Nilianza na majani, kwa hasira, na hiyo ilikuwa rahisi. Moshi ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu moshi ule ndio uliokuwa unatuamsha. Kambo alikuwa anawasha mbabula chini ya dirisha letu makusudi ili tukohoe, tuamke, twende shule. Nikautoa. Majoho ya kwaya nikayatoa, na nikakumbuka babu akipita chini yake ameinama, ameshika kofia, akilalamika kwamba katika nyumba hii malaika wamemnyang'anya njia. Matofali nikayafanya rangi moja tu. Paa la jirani wa kule nikalifuta lote, yule mgomvi aliyekuwa akiturudishia mpira uliotobolewa. Hata yeye nilimwonea huruma. Nilibakisha mlango, ngazi ya saruji ambapo babu alikuwa anapaka viatu rangi, shina la avoka bila kichwa, ardhi nyekundu, na lango. Ulionekana kama uwanja uliochorwa na mtoto. Nikaona aibu. Kadi ya zamani ikaubeba wote, polepole, bila kusimama hata mara moja.

Asubuhi ya Jumamosi tuliweka televisheni langoni, juu ya meza, ikitazama mlango wa nyumba. Kaka alishika mwavuli juu yake kukinga jua, amevaa suti ya harusi yake, anatoka jasho. Mimi nilikaa chini kando ya meza, mkono kwenye kibodi, ili niweze kuisimamisha filamu kambo akichoka. Familia ilijipanga pande mbili. Watoto wa majirani walikuwa wamepanda ukuta.

Kambo akatoka na ufagio wa majani makavu. Akaangalia kioo muda mrefu. Nilisubiri aulize avoka iko wapi, aulize kwa nini nyumba haina matofali. Niliandaa majibu, nilikuwa na maneno yote ya kuomba msamaha.

Akainama, akaanza kufagia.

Alifagia uwanja wa saruji na kokoto wa nyumba mpya, na kila baada ya hatua chache aliinua macho kuangalia kule alikokuwa. Niliifuata mikono yake, nikisimamisha, nikiendesha, kama zamani nilivyokuwa nafuata mshale. Alipita shina la avoka upande wa kulia, kama tulivyokuwa tunapita wote. Halafu, kabla ya kufika langoni, aliacha njia iliyonyooka. Ufagio ukaenda kushoto, ukazunguka nusu duara kubwa, ukarudi. Alizunguka kitu. Kwenye filamu pale palikuwa ardhi tupu. Nilipiga picha kichwani ya uwanja wangu wa kwanza, ule kamili, wenye kila jani. Hata humo pale palikuwa ardhi tupu.

Nikasahau kuendesha filamu. Kaka akanipiga teke dogo.

Taka zikavuka lango. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamzunguka kambo, wakamfunga kitenge cha kijani juu ya gauni jeupe, na nguo nyeusi nikaiona inapita mkono hadi mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wanalia na kucheka. Nilimfikia kambo nikiwa bado na waya mkononi.

"Kambo, pale ulizunguka kuna nini? Mi sikuweka kintu pale."

"Wapi?"

Nikamwonyesha.

"A, pale. Njo pipa ya maji. Ya zamani, mbele maji ya robinet ifike. Kambo yako mwanaume aliinunua tulipotoka Tenke."

"Mi sikuiona hata siku moja."

"Ungeiona namna gani? Mama yako alikuwa hajazaliwa."

"Hata kwa foto haiko."

"Nani alipiga foto pipa?"

Nikamwambia nitaiweka. Anielekeze tu urefu, rangi, kama ilikuwa na kutu, nitaiweka leo hii.

"Uiweke juu ya nini, ifanye kazi gani?" akasema. "Mi najua iko wapi."

Akaniacha pale, akageukia wanawake akitengeneza fundo la kitenge kiunoni. Kitenge kilikuwa kipya mno, kilikuwa bado kigumu, na kilitoa sauti alipotembea.

"Na bukari iko wapi?" akauliza kwa sauti, akidai ugali wake. "Nimefagia lupango mbili toka asubuhi, hakuna hata muntu moya mwenye alinipa maji."